Waya na Kisu kwa Taya la Mtu Mzima
Mtu mzima wa Tunduma ambaye meno yake ya juu na ya chini hayakutani kwa sababu ya umbo la taya hawezi kutegemea waya peke yake: mifupa imekwisha kukua. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote wapanga meno na wapasuaji wa taya wanaofanya kazi pamoja. Kwanza waya hunyoosha meno, mara nyingi kwa mwaka au zaidi, na kwa muda kasoro yaweza hata kuonekana kubwa zaidi, kisha taya hukatwa, husogezwa na kushikizwa kwa vibati vya titani, kazi iliyopata msukumo mkubwa kwa mbinu aliyoichapisha mpasuaji Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria, miaka ya 1950, na mwishowe waya humalizia.

Wapo watakaosema huo ni urembo wa gharama. Kushindwa kutafuna nyama au kufumba midomo si suala la urembo. Umbali ndio hoja nzito: kutoka Tunduma, mkoani Songwe, hadi Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wapasuaji hao hufundishwa, ni safari ndefu mno kurudiwa kila waya unapokazwa. Basi waya ukazwe karibu, Mbeya, na safari ya Dar es Salaam ibaki ya upasuaji.