Kusoma Kokoto za Kisima

Mtambo wa kuchimba kisima uliingia ploti ya jirani yetu hapa Riruta Satellite, Nairobi, alfajiri ya Jumatatu, na kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa na habari. Kompresa ilinguruma hadi vikombe vikacheza kabatini. Kando ya shimo, kijana mmoja wa kampuni alikinga kwa beleshi kokoto zinazorushwa juu na upepo, na kila mita 2 akamwaga kirundo kidogo chini, kimoja baada ya kingine, safu ndefu kufuata ukuta. Virundo vya mwanzo vilikuwa vyekundu, udongo wetu huu wa kila siku. Vilivyofuata vilikuwa kijivu, kijivu, kijivu: mawe ya volkano. Jumatano vilianza kutoka na unyevu.

"Mzee, mmefika wapi?" nikamuuliza mwenye ploti.

"Hesabu mwenyewe," akasema, akinyoosha bakora kuelekea ukutani.

Nilihesabu 90. Mita 180.

Mzee ana hatimiliki, na bado ilimbidi atafute kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote, hata yaliyo chini ya choo chako, yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi. Ploti yake inaishia pale beleshi linapogota. Lakini safu ile ya kokoto ilikuwa yake kuisoma, na majirani tulioning'inia ukutani tuliisoma pamoja naye. Nikawa nafikiria Turkana, ambako kuanzia 2012 watu walichimbiwa visima vya mafuta virefu mara kumi na zaidi kuliko hiki wala hawakuonyeshwa kirundo hata kimoja.

Kisima cha mafuta hutoa kokoto vilevile, ila huletwa juu na matope mazito yanayosukumwa hadi chini kupitia ndani ya bomba na kurudi kwa nje yake. Kokoto huchekechwa, huoshwa, halafu mwanajiolojia huziweka chini ya taa ya miale ya urujuani. Zenye mafuta hung'aa. Baadaye vyombo vya kupimia huteremshwa kwa waya, na ndipo hupatikana ile namba inayosomwa kwenye taarifa ya habari. Machi 26, 2012, Rais Mwai Kibaki alipotangaza kwamba kisima cha Ngamia-1 huko Turkana kimegusa mafuta, namba ya kampuni ya Tullow ilikuwa zaidi ya mita 20. Mwezi wa Mei ikawa zaidi ya mita 100. Wapo walioelewa kwamba mafuta yamezidi mara tano ndani ya wiki sita. Kumbe mita hizo ni unene wa tabaka zenye mafuta mahali pale pale shimo lilipopita, na shimo lilikuwa limeendelea kushuka. Kujua mafuta yametanda hadi wapi kunahitaji visima vingine, na ndiyo maana vikafuata Twiga Kusini, Etuko, Ekales na Amosing. Majina yalianza kwa Kiswahili yakahamia Kiturkana: punda milia, mbuni, kifaru.

Kufuatilia kisima kungekuwa jambo jingine kabisa huko Texas. Pale mwenye shamba aghalabu humiliki hadi mafuta yenyewe, au angalau anamjua aliyeuziwa haki hiyo na babu yake. Mwaka 2008, kisima cha kwanza cha Eagle Ford kilipofanikiwa katika kaunti ya La Salle, wenye mashamba jirani walikuwa na pa kutazama: kibali cha kila kisima na ripoti ya kukamilika kwake hukaa wazi katika Tume ya Reli ya Texas, ambayo licha ya jina lake ndiyo inayosimamia mafuta. Ukiona kibali kimetolewa kilomita chache kutoka kwako, unajua wakala wa kukodi ardhi yuko njiani, na unapandisha bei kabla hajagonga mlango. Anayetia saini hulipwa fedha ya mkono kwa kila ekari, kisha mrabaha wa kila pipa, ambao kwa desturi ya zamani ulikuwa sehemu moja ya nane.

Jiolojia nayo iliwabeba. Eagle Ford ni mwambatope, jiwe lililoyapika mafuta na kukataa kuyaachia. Hayatoki mpaka jiwe lipasuliwe kwa maji ya shinikizo, tena kwa kisima kinachopinda na kulala ubavu kilomita moja, mbili, chini ya mashamba ya watu kadhaa. Kila ekari inayopitiwa ina mwenyewe wa kulipwa. Lokichar, bonde la Turkana ilikochimbwa Ngamia-1, pia kuna mwambatope, na Shell ilikutana na dalili za mafuta yake ilipochimba Loperot-1 mwaka 1992. Lakini mafuta ya Ngamia yalishahama zamani kutoka kwenye jiwe mama, yakajikusanya katika mawe ya mchanga. Huyapati kwa kukodi nchi nzima ekari kwa ekari. Unazungushia ua viwanja vichache, na waliobaki nje ya ua hawana sahihi anayoihitaji mtu.

Hata kama kampuni ingeihitaji, nani angetia? Malisho ya Turkana hayana beikoni. Ni njia: kiangazi huku, masika kule, na kisima cha mkono katikati kwenye mchanga wa mto mkavu. Ngamia-1 ilipokuwa ikichimbwa, mdhamini wa ardhi hiyo kisheria alikuwa Baraza la Kaunti ya Turkana, chombo kilichobakiza mwaka mmoja tu kufutwa. Machi 2013 udhamini ukaangukia serikali mpya ya kaunti. Katiba ya 2010 ilishaweka mafuta yote katika ardhi ya umma chini ya serikali ya taifa, kwa hiyo mkataba wa kugawana mafuta ulikuwa kati ya Nairobi na kampuni. Mfugaji alikuwa na haki ya majani, na majani yenyewe yalikuwa chini ya mdhamini aliyebadilishwa katikati ya mchezo.

Sasa tuje kwenye ufundi wa watu wa Turkana wa kusoma kisima, kwa sababu ulikuwepo. Usipoonyeshwa kokoto unahesabu malori. Bomba za chuma zikiingia, kisima kinaendelea. Magari ya saruji yakija, sehemu ya shimo imefungwa. Moto ukiwaka usiku, wanapima mtiririko. Na kila kitu hicho, hadi maji ya kunywa ya wafanyakazi, kinapita barabara ile moja ya kutoka Kitale. Oktoba 2013 wenyeji waliodai kazi na zabuni waliandamana hadi Tullow ikasimamisha shughuli kwenye Twiga Kusini na Ekales kwa muda. Juni 2018, wiki chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuyaaga malori ya kwanza ya mafuta ya majaribio, waliyazuia tena wakidai usalama dhidi ya majangili, kazi, na mgao wao. Yaliondoka Agosti.

Kuzuia malori hayo kulikuwa na makali ya pekee, na sidhani ilikuwa bahati tu. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama samli ya asubuhi. Husafirishwa yakiwa moto, ndani ya matangi yaliyovikwa koti la kuhifadhi joto, zaidi ya kilomita 1,000 hadi Changamwe, Mombasa. Mzigo kama huo hauwezi kulala Lokichar ukisubiri baraza liishe.

Walichovuna? Muswada wa mafuta uliwahi kuitengea jamii asilimia 10. Sheria ya Mafuta ya 2019 ilitoka na 5 kwa jamii, 20 kwa kaunti na 75 kwa taifa. Mzigo wa kwanza, mapipa 200,000 hivi, uliuzwa Agosti mwaka huo kwa dola milioni 12. Hayo yalikuwa majaribio. Mwaka 2021 Tullow ilikadiria mapipa milioni 585, lakini bomba la kwenda Lamu halikujengwa, washirika wawili wakajitoa 2023, na mwaka 2025 Tullow yenyewe ikaiuzia Gulf Energy mali yake ya Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120.

Kwa maoni yangu, kosa la wengi wanaoandika juu ya Lokichar ni kukodolea macho ile asilimia 5. Mimi ningetazama Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii iliyosajiliwa inaitisha mkutano, na mwekezaji hapiti bila kura za thuluthi mbili ya watu wazima wake. Jamii ambayo haijasajiliwa, ardhi yake ikichukuliwa kwa nguvu ya sheria, fidia inawekwa kwa kaunti mpaka siku ya usajili. Mwekezaji mpya anakuta sahihi ya jamii inahitajika, au haikuti kabisa, kutegemea kama karatasi zilikamilika kabla mtambo haujarudi.

Kisima cha mzee kilikamilika Ijumaa. Maji yamepelekwa maabara kupimwa floraidi, tatizo la visima vingi vya Nairobi, na majibu hayajarudi. Zile kokoto kijana wa kampuni alitaka kuzizoa. Mzee akakataa, alishapanga kuzitumia kuziba shimo la langoni, pale magari ya wapangaji hukwama mvua ikinyesha.