Penzi la Kurasa Chache

Huku kwetu Ruanda, mkoani Songwe, ukianza kumsimulia mtu kisa cha Bi Salme na Heinrich Ruete, hana subira: anataka kujua walionana wapi, walitorokaje, mwisho wao ukawaje. Kisa ni cha kweli. Binti wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alimpenda mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Akashika mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza hadi Aden. Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, wakafunga ndoa, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 Heinrich alipata ajali ya tramu akafa, akamwacha mjane wa miaka 25 na watoto watatu wadogo.

Mwandishi mwingine angeyafanya hayo kuwa kitabu kizima. Bi Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameyapa kurasa chache tu. Kila ninapozisoma nauheshimu zaidi mkono wake.

Anaanza na nyumba. Bet il Mtoni, kasri alikozaliwa mwaka 1844, analijenga bila haraka: ua wenye paa, tausi na mbuni wanaozurura, mabafu yasiyokauka watu, baraza la mviringo kando ya bahari ambako baba yake hutembea huku na huko kichwa chini, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyobaki pajani. Mapenzi yake kwa mzee huyo yamo katika ule mwendo. Ukifika kwenye kutoroka, unajua tayari kila anachokiacha, naye hana haja ya kukitaja tena.

Penzi lenyewe analigusa kidogo. Nyumba yake ilikuwa juu kuliko ya Heinrich. Akiwa kwake aliziona karamu ambazo kijana yule aliziandaa ili jirani aone Wazungu wanavyokula. Urafiki, kisha mapenzi, kisha mji mzima unajua. Basi, anasonga mbele. Nadhani alikuwa akiwasitiri watoto wake, maana ndio aliowaandikia kwanza, na msomaji anayesitiriwa jambo hulitafuta mwenyewe kati ya mistari.

Ustadi huo aliutolea jasho. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipomwasi ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani baada ya baba yao, binti huyu wa miaka kama 15 ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Aliyeijua kalamu kwa njia hiyo hamwagi wino ovyo.

Kilio alikiweka kwingine, katika barua kwa rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina, zilizochapishwa mwaka 1993, miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1924. Humo ndimo mna baridi ya Hamburg, ugeni wa lugha na siku za kufiwa. Barua zinauma zaidi; kumbukumbu zimefumwa vizuri zaidi.

Walimu wa fasihi wa Mbozi na Tunduma, nawaomba: mkiwapa wanafunzi kisa hiki, wasomeeni kwanza sura ya Bet il Mtoni, polepole, yote. Ya kutoroka ije baadaye, mahali alipoiweka mwenyewe.