Kibwekaji Kidogo Ndani ya Teksi: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Spika za Pikapu

Miezi michache iliyopita fundi mmoja wa redio za magari alituletea ofisini kijitabu cha mwongozo kilichofasiriwa kwa Kiswahili. Kinaeleza namna ya kupanga spika na sabwufa ndani ya pikapu ndogo, ile yenye safu moja tu ya viti. Fundi hakuja kulalamikia mtindo wa lugha. Alikuja na swali. "Mwalimu," alisema, "hapa wameandika sanduku liwe na sauti ya lita 15. Sauti inapimwaje kwa lita?"

Swali hilo latosha kuonyesha tulipofika. Kiingereza hutumia neno moja kwa ujazo wa chombo na kwa ukubwa wa sauti, naye mfasiri, kwa kuwa mada ni muziki, akachukua maana ya pili pasipo kukitazama kipimo kilichofuata. Istilahi ujazo imo katika vitabu vya hisabati vya shule za msingi, haikuhitaji kubuniwa. Hasara yake si ya maneno matupu. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, kimo 25 na kina 15 laonekana kuwa la lita 22 na nusu likipimwa kwa nje. Lakini mbao zikiwa na unene wa milimita 18, nafasi ya ndani haizidi lita 14, na spika yenyewe hula sehemu ya nafasi hiyo. Sanduku lililozibwa likiwa dogo kuliko spika inavyotaka, besi ya chini kabisa hufifia. Fundi asiyejua kwamba anaelezwa habari za ujazo atakata mbao kwa kubahatisha, na mbao ni fedha.

Kuhusu neno teksi, ambalo mfasiri amelitumia kila mahali kwa maana ya chumba cha dereva, tusipoteze wino. Ni kosa la kuokota neno la kwanza katika kamusi na kufunga kamusi.

Jambo lililotushughulisha zaidi ni kibwekaji kidogo. Mfasiri amegundua, na amegundua sawasawa, kwamba jina la Kiingereza la spika ya sauti nzito lina asili katika mlio wa mbwa. Basi akaunda kibwekaji. Kisha akakuta kiambishi cha mbele chenye maana ya "chini", akakidhania kuwa kinahusu cheo au ukubwa, akaandika kibwekaji kidogo. La hasha! Uchini huo ni wa sauti: sabwufa hutoa sauti zilizo chini ya zile za spika ya kawaida ya besi, na kwa sababu hiyo aghalabu huwa kubwa kuliko nyingine zote garini. Ajabu nyingine ni kwamba twita, ambayo jina lake latokana na mlio wa ndege, imeachwa na vazi lake la kigeni. Mmoja anabweka kwa Kiswahili, nduguye analia kwa Kiingereza, nao wamo katika ukurasa mmoja.

Msomaji aliyeambiwa "kidogo" atatafuta kitu kidogo, na atakiweka penye nafasi ndogo, yaani juu ya dashibodi. Ilhali mantiki ya upangaji ni kinyume chake. Sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu hivi, kupita urefu wa pikapu nzima. Sikio haliwezi kutambua kwa urahisi inatoka upande gani. Ndiyo maana sabwufa yaweza kufichwa nyuma ya kiti au chini yake, mradi isizuie kiti kusogea wala isikalie mahali pa jeki. Sauti nyembamba za twita zina mawimbi ya sentimita chache tu. Goti la abiria latosha kuzikinga. Hizo ndizo zinazodai kuwekwa juu, zikielekea masikioni. Istilahi iliyokosewa, basi, imegeuza ramani yote juu chini.

Ukurasa wa 7 unaagiza kwamba spika zote "ziwe katika awamu moja". Tulimwuliza fundi ameelewaje. Alijibu kwamba zifungwe zote siku moja. Maana iliyokusudiwa ni kwamba viwambo vya spika vyote visogee mbele pamoja na kurudi nyuma pamoja. Waya wa chanya ukifungwa penye hasi katika mlango mmoja, mlango wa kulia husukuma hewa wakati wa kushoto unaivuta, na besi hupotea. Hapa hatudhani istilahi ya neno moja ingesaidia. Mfasiri angeandika tu: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Twaja kwenye kipaza sauti, ambalo kosa lake si la mfasiri peke yake. Kijitabu kinaliita hivyo kila chombo cha mlangoni, na mbele kidogo chatumia jina hilohilo kwa kile kidude cha kusemea cha simu kinachobandikwa karibu na usukani. Nasi sote twasema hivyo: mhutubu hushika kipaza sauti, na sauti yake hutokea katika kipaza sauti kilichofungwa mtini. Mdomo na sikio vina jina moja. Katika mkutano wa hadhara hakuna madhara, kwani jina laweza kubeba mtambo mzima. Kwa fundi mwenye waya mkononi madhara yapo. Tunapendekeza maikrofoni kwa chombo kinachopokea sauti, kikuza sauti kwa kile kinachoiongezea nguvu, na spika kwa kinachoitoa. Wapo wenzetu wanaokataa spika kwa heshima ya Bunge. Hofu hiyo haina msingi, maana ngeli zinatosha kutofautisha: Spika amefungua kikao, spika imefunguliwa na fundi. Sabwufa nalo tunalikubali kama lilivyo. Limekwisha kukaa madukani, na kulifukuza leo ni kurudia yale ya tarakilishi, ambayo wengi wanaijua lakini ulimi wao unasema kompyuta.

Kwa chumba cha dereva bado hatujaamua. Mafundi wengi husema kebini, wengine kichwa cha gari. Sisi twaelekea kebini, kwa kuwa kichwa hutumika pia kwa trela. Na ile sehemu ya pembeni, mbele ya mlango, karibu na miguu ya abiria, ambapo spika nyingi hufungwa, hatujapata jina lake. Msomaji ambaye mafundi wa kwao wana neno kwa hiyo, na atuandikie.