Mwiba Mdogo: Virai Vihusishi vya Kiingereza katika Nyaraka Zetu

Aghalabu tafsiri inapohakikiwa, wahakiki hushughulika na majina. Huulizwa kama istilahi iliyotumika imesanifiwa, kama neno jipya lina asili ya Kibantu au ya Kiarabu, na kama laweza kukubalika na wengi. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini tukizisoma kwa makini nyaraka zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, twaona kwamba mara nyingi maana haikuharibika kwenye jina kubwa la kitaalamu, bali kwenye neno dogo la herufi mbili au tatu: "by", "of", "on", "for", "to". Mdharau mwiba, walisema wazee, mguu huota tende.

Maneno haya tunayaita vihusishi, na fungu linaloundwa na kihusishi pamoja na jina lake ni kirai kihusishi. Makusudio ya makala haya ni kuhakiki jinsi virai hivyo vinavyoshughulikiwa na wafasiri na watumishi wa serikali, na kupendekeza njia ya kurekebisha mambo. Shauri hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania liliporekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kosa la kihusishi katika hadithi humchekesha msomaji. Katika sheria laweza kumnyima mtu haki yake.

Chanzo cha matatizo ni tofauti ya lugha zenyewe. Kiingereza kimevitwisha vihusishi mzigo mkubwa sana. Kiswahili kina vihusishi vichache, na mzigo huo kimeugawa: sehemu imechukuliwa na kitenzi, sehemu na kauli ya kutendea, sehemu na kiambishi "-ni" cha mahali, na sehemu na "-a" unganifu. Mwingereza husema "he ran across the road"; maana ya kupita upande wa pili imo katika kihusishi. Mswahili husema "alivuka barabara mbio". Maana hiyo imo katika kitenzi. Kadhalika, "she cooked for the guests" si "alipika kwa ajili ya wageni" tu. Lugha yetu imekwisha kuwa na "aliwapikia wageni". Mfasiri anayetafuta kihusishi cha Kiswahili kwa kila kihusishi cha Kiingereza anatafuta kitu ambacho mara nyingi hakipo, wala hakihitajiki. Ndiyo sababu tunasoma sentensi kama "kusubiri kwa ajili ya majibu" na "kuomba kwa ajili ya kazi", ilhali kila mtu sokoni husema "kusubiri majibu" na "kuomba kazi".

Makosa hayo yanaudhi tu. Yako mengine yanayodhuru. Tuchukue "by". Neno hili humtaja mtenda, na hapo tunatumia "na": "imeandikwa na mwalimu". Hutaja pia chombo, nasi tunasema "kwa basi". Tena hutaja kiasi cha nyongeza, na hapa pana hatari. Ada ya shilingi 8,000 ikiongezwa "by 10,000 shillings" huwa shilingi 18,000. Ikiongezwa "to 10,000 shillings" huwa shilingi 10,000 tu. Kwa hiyo ya kwanza iandikwe "imeongezwa kwa shilingi 10,000", na ya pili "imeongezwa hadi kufikia shilingi 10,000". Mwenye kuchanganya "kwa" na "hadi" amembebesha mzazi deni lisilo lake.

Hatari zaidi ni "by" ya tarehe. Tangazo likisema maombi yafike "by 30 June", siku ya tarehe 30 yenyewe imo. Mfasiri akiandika "kabla ya tarehe 30 Juni", amepunguza siku moja, na mwombaji atakayefika siku hiyo atakuta mlango umefungwa kwa kosa la mfasiri. Wengine huandika "leta maombi hadi tarehe 30 Juni". Lakini "hadi" hufaa kwa tendo linaloendelea, kama katika "maombi yatapokelewa hadi tarehe 30 Juni". Halifai kwa tendo la mara moja. Tunapendekeza iandikwe wazi: "siku ya mwisho ya kuleta maombi ni tarehe 30 Juni". Sentensi hiyo haina kihusishi kinachofanana na "by", na ni tafsiri bora kuliko zote mbili. Vivyo hivyo, "within 14 days" ni "ndani ya siku 14", ambapo "in 14 days", katika ahadi kwamba kazi itakuwa tayari, kwa kawaida ni "baada ya siku 14".

Tatizo la pili ni kujua kirai kimefungwa kwenye neno gani. Linganisha "inform the owner of the building" na "inform the owner of the decision". Kwa umbo zinafanana. Lakini katika ya kwanza "of" imefungwa kwenye "owner": "mjulishe mwenye jengo". Katika ya pili imefungwa kwenye "inform": "mjulishe mwenye mali uamuzi huo". Hapa maana ya maneno yenyewe inatuokoa. Lakini tutazame mfano huu: "rules on the allocation of land by the village council". Je, ni nani aliyetunga kanuni? Yawezekana halmashauri ya kijiji ndiyo iliyotunga kanuni za ugawaji wa ardhi. Yawezekana pia mwingine ametunga kanuni za kuiongoza halmashauri inapogawa ardhi. Kiingereza kimenyamaza. Mfasiri hawezi kunyamaza, kwa kuwa "kanuni za halmashauri ya kijiji kuhusu ugawaji wa ardhi" na "kanuni kuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi" ni mambo mawili. Katika hali hiyo, wajibu wake si kubahatisha. Hana budi kusoma vifungu vingine vya waraka huo, au kumwuliza aliyeuandika.

Tatu, yako mafungu ambayo katika sheria yamekwisha kuwa kama istilahi. "Subject to section 5" maana yake ni kwamba kifungu cha 5 ndicho chenye nguvu, na hiki tunachosoma kinakitii. "Notwithstanding section 5" ni kinyume chake: hiki tunachosoma ndicho chenye nguvu. Ya kwanza yafaa kuwa "kwa kuzingatia masharti ya kifungu cha 5", na ya pili "bila kujali masharti ya kifungu cha 5". Tafsiri inayoyapa mafungu haya mawili maneno yale yale, au inayoyabadilisha kila ukurasa, imevuruga utaratibu wa sheria kabisa, hata kama kila jina lililomo limesanifiwa.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuwalaumu wafasiri peke yao. Makosa yana njia mbili. Katika Kiingereza cha ofisini kwetu tunasoma "we discussed about the matter", "we request for funds" na "the minister emphasized on unity". Walimu huyasahihisha kwa wino mwekundu bila kueleza sababu, na mwanafunzi huyarudia kesho. Sababu yaweza kuelezwa. Katika Kiingereza vitenzi hivi huchukua yambwa moja kwa moja: "discuss the matter", "request funds", "emphasize unity". Ni majina yake ndiyo yanayotaka kihusishi: "a discussion about the matter", "a request for funds", "emphasis on unity". Mwanafunzi amekichukua kihusishi cha jina akakipachika kwenye kitenzi, naye husaidiwa na Kiswahili chake, kwa kuwa husema "kujadiliana kuhusu" na "kutilia mkazo". Kitenzi na jina vikifundishwa pamoja, kosa litapungua.

Sababu nyingine ni "-ni" ya mahali. Twasema "kiweke mezani" na "kiondoe mezani"; umbo ni lile lile, na kitenzi ndicho kinachoonyesha mwelekeo. Kiingereza hutaka "put it on the table" lakini "remove it from the table". Mtoto anayeandika "remove it on the table" hakukosa akili. Amefikiri kwa sarufi ya kwao. Aambiwe hivyo.

Hatusemi kwamba kila mazoea ya zamani ni makosa. "Juu ya" kwa maana ya "kuhusu" limo katika Kiswahili cha waandishi kwa muda mrefu, wala hatutaki lifutwe. Lakini "majadiliano juu ya daraja" humwacha msomaji akijiuliza kama watu walisimama darajani au walizungumzia daraja. Penye shaka ya namna hiyo, "kuhusu" ni bora.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mafungu ya kisheria na ya kiofisi yenye vihusishi yaorodheshwe na kusanifiwa kama istilahi nyingine. Pili, mfasiri akiona kihusishi asiulize "neno hili ni nani kwa Kiswahili?" bali "linaunganisha nini na nini, na Kiswahili huonyesha uhusiano huo kwa njia gani?" Tatu, walimu wafundishe vihusishi vya Kiingereza pamoja na kitenzi au jina linalovitawala, wala si kama orodha ya maneno ya kukaririwa. Mwananchi anayesoma tangazo ukutani hana nakala ya Kiingereza ya kulinganishia. Alichoandikiwa ndicho atakachokifuata.