Kipokezi Yatima FXR: Safari ya Kutoka Jeni hadi Kidonge

Vipokezi vya kiini ni protini zilizomo ndani ya seli ambazo huamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zitulie. Binadamu ana aina 48 za vipokezi hivyo. Vingi vina sehemu mbili kuu: moja hushika DNA, nyingine ina mfuko ambamo huingia molekuli ndogo iitwayo ligandi. Homoni kama estrojeni na kortisoli zilijulikana kabla ya vipokezi vyake kupatikana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo uligeuka. Wanasayansi waliokuwa wakichambua jeni walikuta protini zenye sura ya familia hii, ila ligandi zake hazikujulikana. Protini hizo ndizo zinazoitwa vipokezi yatima.

Vipokezi hivi huwavutia watafutaji wa dawa kwa sababu mfuko unaopokea molekuli ndogo ya mwili unaweza pia kupokea dawa ya kumeza. Kipokezi kiitwacho FXR kinaonyesha hatua zote za utafutaji huo, pamoja na mahali unapokwama.

Jeni ya FXR ilielezwa mwaka 1995 na kundi la Ronald Evans wa Taasisi ya Salk, California. Kidokezo cha kwanza kilipotosha kidogo: FXR ya panya iliamshwa na farnesoli, molekuli inayopatikana katika njia ya kutengeneza kolesteroli, na jina la kipokezi likatoka hapo. Lakini farnesoli ilihitajika kwa wingi mno, na haikuthibitika kwamba inaingia mfukoni. Dalili nzuri zaidi ilikuwa mahali ambapo FXR hupatikana, yaani kwenye ini, utumbo na figo. Ini na utumbo ndiyo njia ya asidi za nyongo: ini huzitengeneza kutokana na kolesteroli, utumbo hunyonya sehemu kubwa na kuzirudisha kwenye ini.

Ili kupima dhana kwamba asidi za nyongo ndizo ligandi za FXR, maabara zilitumia aina mbili za majaribio. La kwanza hufanyika ndani ya seli. Seli hupewa jeni ya kipokezi pamoja na jeni ya lusiferasi, kimeng'enya cha kimulimuli kinachotoa mwanga. Jeni ya lusiferasi huunganishwa na kipande cha DNA ambacho kipokezi hushika, kwa hiyo molekuli inayoamsha kipokezi hufanya seli iwake, na mwanga hupimwa kwa mashine. La pili hufanyika nje ya seli. Kipokezi na kipande cha protini saidizi, yaani ile inayokisaidia kipokezi kuwasha jeni, hubandikwa rangi mbili tofauti zinazong'aa. Ligandi inapoingia mfukoni, sehemu ya mwisho ya kipokezi, helisi ya 12, hujifunga juu yake kama kifuniko cha chungu, na hapo protini saidizi hupata mahali pa kushika. Rangi mbili zikikaribiana, nishati hupita kutoka moja hadi nyingine na mwanga hubadilika. Jaribio la kwanza linaonyesha kwamba molekuli inafanya kazi katika seli hai. La pili linaonyesha kwamba inafanya kazi kwa kukigusa kipokezi chenyewe.

Mwezi Mei 1999 makundi matatu nchini Marekani yalitoa jibu lile lile. Mojawapo lilikuwa Dallas chini ya David Mangelsdorf, la pili lilikuwa katika kampuni ya Glaxo Wellcome huko North Carolina, na la tatu liliongozwa na Barry Forman huko California. Ligandi za FXR ni asidi za nyongo, na yenye nguvu kuliko nyingine ni asidi ya kenodeoksikoliki. Tokeo moja lilihitaji maelezo. Asidi za nyongo zilizounganishwa na glisini au taurini, ambazo ndizo nyingi mwilini, ziliamsha FXR nje ya seli lakini hazikufanya lolote katika seli za kawaida za maabara. Zilianza kufanya kazi seli zilipopewa protini ya kuzisafirisha kupitia utando. Tatizo halikuwa kipokezi, lilikuwa mlango wa seli.

Kupatikana kwa ligandi kulieleza kazi ya FXR. Asidi za nyongo zikizidi kwenye ini, FXR huwasha jeni ya protini nyingine, SHP, nayo huzima jeni ya CYP7A1, kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa asidi hizo. Hivyo mwili hujizuia usijitie sumu kwa nyongo yake.

Kutoka hapo ulianza utafutaji wa dawa, kwa njia mbili. Njia ya kwanza iliachana na umbo la nyongo. Glaxo walipima molekuli nyingi za kutengenezwa, na mwaka 2000 wakatangaza GW4064, iliyoamsha FXR kwa kiwango cha chini ya nanomola 100. Ikawa chombo kikuu cha utafiti, ila hainyonywi vizuri ikimezwa na huharibika kwenye mwanga, hivyo haikufaa kuwa dawa.

Njia ya pili ilirekebisha ligandi ya asili. Huko Perugia, Italia, Roberto Pellicciari na wenzake walichukua asidi ya kenodeoksikoliki na kuongeza kikundi kidogo cha kaboni kwenye nafasi ya 6. Asidi yenyewe ilihitaji takriban mikromola 8.7 ili kufikia nusu ya nguvu yake. Kwa kuongeza methili, kiwango kilishuka hadi mikromola 0.75. Kwa ethili kilishuka hadi 0.099. Kwa propili kilipanda tena hadi zaidi ya 1. Kaboni moja tu ilitenganisha molekuli bora na zile za kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2002, na mwaka uliofuata picha za fuwele za protini zikaeleza sababu: ethili hujaza tundu dogo lililobaki wazi ndani ya mfuko, ilhali propili ni kubwa kupita nafasi hiyo. Picha hizo zilionyesha pia kwamba mkia wa asidi ya nyongo hutazama mdomo wa mfuko, ndiyo maana glisini au taurini haizuii kuingia.

Molekuli yenye ethili iliitwa asidi ya obetikoliki, ikaendelezwa na kampuni ya Intercept kwa ajili ya PBC, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mirija midogo ya nyongo ndani ya ini. Katika jaribio lililohusisha wagonjwa 216, karibu nusu ya waliopewa dawa walifikia lengo la vipimo vya damu, dhidi ya asilimia 10 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwezi Mei 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa hiyo kwa masharti.

Matatizo yaliyofuata yalitokana kwa sehemu na kipokezi chenyewe. FXR huendesha jeni nyingi katika viungo kadhaa, na ikiamshwa kila mahali huleta pia yasiyotakiwa. CYP7A1 ikizimwa, kolesteroli kidogo tu hugeuzwa nyongo, hivyo kolesteroli mbaya ya damu hupanda. Kuwashwa ngozi kuliwapata asilimia 68 ya waliopewa miligramu 10, dhidi ya asilimia 38 ya wasiopewa dawa. Baadaye yaliripotiwa madhara makubwa ya ini, hasa kwa wenye ini lililokwisha kuharibika sana, na mwaka 2021 FDA ikazuia wengi wao kuitumia. Maombi ya kuitumia kwa ugonjwa wa mafuta kwenye ini yalikataliwa mwaka 2020 na 2023, na mwaka 2025 dawa ikaondolewa kwenye soko la Marekani.

Watafiti wamejaribu kudhibiti mahali FXR inapoamshwa badala ya kuongeza nguvu tu. Feksaramini, molekuli ya Taasisi ya Salk, ikimezwa na panya hubaki zaidi kwenye utumbo, na mwaka 2015 ilionyeshwa kupunguza unene wa panya waliolishwa mafuta mengi. Molekuli mpya zisizo na umbo la nyongo, kama tropifeksori na silofeksori, zilizaliwa kutokana na mifupa ya GW4064 baada ya sehemu iliyoharibika kwa mwanga kubadilishwa.

Njia hii haifai kwa kila kipokezi yatima. Mwaka 2003 picha ya fuwele ya Nurr1, kipokezi kinachohitajika na seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, ilionyesha kwamba mahali pa mfuko pamejazwa na amino asidi za protini yenyewe. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupima maelfu ya molekuli, hutakiwa kwanza kujua kama mfuko upo, ligandi ya asili hufanya nini mwilini, na ni kiungo gani kinachofaa kuguswa na dawa.