Bansuri na Chuma cha Moto

Bansuri, filimbi ya mwanzi ya India, haina vifungo wala viungo. Ni pingili moja, tundu la kupulizia, na matundu sita ya vidole. Hakuna cha kukaza wala kulegeza baadaye, kwa hiyo ustadi wote wa fundi hubaki humo ndani ya mwanzi. Kwa sababu hiyo naiheshimu kazi hii kuliko nyingi zenye vyombo vya kung'aa.

Ugumu huanzia kwenye mwanzi wenyewe. Filimbi kubwa inataka pingili ndefu isiyokatizwa na fundo, iliyonyooka, yenye ukuta mwembamba. Mianzi ya namna hiyo humea Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Hukatwa ikiwa imekomaa, kisha huachwa kivulini ikauke polepole, maana ikikaushwa kwa pupa hupasuka. Pannalal Ghosh, mpiga bansuri aliyezaliwa mwaka 1911 huko Barisal, katika Bangladesh ya leo, ndiye aliyeikuza filimbi ndogo ya wachungaji ikawa chombo cha jukwaani cha kupigia raga za muziki wa jadi wa India, chenye urefu wa karibu sentimita 80. Pasipo pingili ndefu, fikra yake isingepata sauti.

Matundu huchomwa kwa chuma kilichotiwa moto, kwa kuwa keekee hupenda kuuchana mwanzi kufuata nyuzi zake. Fundi huziba upande mmoja kwa kizibo, akachoma tundu la kupulizia, akapuliza na kusikiliza sauti ya chini kabisa. Ikiwa iko chini mno, hukata kidogo ncha ya mbali, na sauti hupanda.

Ndipo huja matundu ya vidole, nami hapa ndipo ningependa kukaa kutwa nzima nikitazama. Kila tundu huanza likiwa dogo kwa makusudi. Likipanuliwa, sauti hupanda. Likikwanguliwa ukingo ulio upande wa mdomo, hupanda pia. Kuishusha ni taabu: hubaki kupaka nta ukingoni, na fundi mzuri hataki nta. Kwa hiyo huikaribia sauti kutoka chini, anakwangua, anapuliza, anakwangua tena, na mara nyingi hukomea pale ambapo mimi na wewe tungedhani bado. Huanza na tundu lililo mbali na mdomo, kwa sababu matundu ya chini huathiri sauti za yale ya juu. Akifika kwenye sa, sauti ya msingi, ambayo hutoka matundu matatu ya juu yakiwa yamezibwa, huisikiliza kwa muda mrefu, kwani nyingine zote zitapimwa kwayo.

Hata hewa ina neno lake. Katika nyuzi joto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Katika nyuzi 30, karibu mita 349. Tofauti hiyo yatosha kuipandisha filimbi kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Ndiyo maana fundi huipasha kwanza kwa pumzi yake kabla ya kuihukumu. Kisha huongeza nguvu ya pumzi ili sauti iruke oktava. Oktava isipolingana na sauti ya chini, huchunguza mahali kizibo kilipokaa.

Wadigo wa pwani ya Kenya nao wana chivoti, filimbi ya mwanzi inayopulizwa kwa ubavu, na yeyote aliyeisikia kwa karibu anajua kwamba hewa na mwanzi vina sheria zilezile kila mahali.

Mwishoni fundi huzungushia uzi mahali panapoelekea kupasuka, hupaka mafuta, na kumkabidhi mpigaji. Lakini midomo haifanani: mwenye kulifunika zaidi tundu la kupulizia hushusha sauti, anayeliacha wazi huipandisha. Fundi ninayemsifu hukaa pembeni mnunuzi anapopuliza, na akisikia ga, sauti ya tatu kuanzia sa, imelegea, hukichukua kisu chake tena.