Kitabu cha Likizo: Vuta N'kuvute

Likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wetu hapa Uganda hushauriana maktabani waazime kitabu gani, na mara nyingi kinachosifiwa ni kile chembamba. Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) hakikosi kutajwa. Ni kazi bora, lakini kukichagua kwa ufupi wake ni kukionea.

Sisi tunapendekeza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Bwana Raza, anaikimbia ndoa hiyo, kisha anampenda Denge, mpinga ukoloni wa Zanzibar. Kasoro ipo: mazungumzo ya siasa mahali pengine hugeuka hotuba. Hata hivyo, humu watu hutaniana, hugombana na hubembelezana kwa Kiswahili. Hilo wengi wetu tumelikosa, kwani wazee wetu walikisikia zaidi kikitoa amri vinywani mwa askari. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kiwe lugha rasmi. Lakini mapenzi ya lugha hayaletwi na azimio.

Isomeni kwanza bila kamusi. Maneno magumu yatawangoja muhula ukifunguliwa.